Bibi Katharine Cook, Mama wa Wakunga

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Walisema kweli, lakini mimi naona walimsahau mtu mmoja: mkunga. Yeye ndiye anayekaa macho usiku kucha wakati sisi wengine tunaambiwa tusubiri nje. Mtoto akilia, watu wote hukimbilia mtoto. Mkunga anabaki ndani na kondo la nyuma, na damu, na hofu. Katika ukurasa huu, wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili pamoja na walimu wetu, nataka tumkumbuke mwanamke mmoja aliyeifanya kazi hiyo kwa muda wa miaka arobaini, kisha akawafundisha wengine waifanye. Anaitwa Katharine Cook. Kabla ya kuolewa jina lake lilikuwa Katharine Timpson. Alizaliwa mwaka wa 1863 na akafariki mwaka wa 1938.

Najua kuna atakayeuliza, huyu ni Mzungu wa Uganda, sisi watu wa Chaani anatuhusu nini? Subiri kidogo. Safari yake ya Afrika ilianzia hapa hapa kwetu Mombasa, na jambo alilolifanya huko juu linatugusa sisi wapenzi wa Kiswahili kuliko unavyodhani.

Bibi Katharine alikuwa nesi, na uuguzi aliusomea London. Zama zile uuguzi ndiyo kwanza ulikuwa umeanza kuhesabiwa kazi ya heshima. Kabla ya hapo watu wa Ulaya walimwona nesi kama mtumishi wa kufagia tu, mpaka alipokuja Florence Nightingale baada ya vita vya Crimea, akafungua chuo chake London mwaka wa 1860. Kwa hiyo Katharine ni wa kizazi cha mabinti waliokua wakijua kwamba nesi ni mtu aliyesoma. Alijiunga na chama cha wamisheni wa Kianglikana, CMS, na mwaka wa 1896 akatumwa Uganda. Umri wake ulikuwa miaka 33 hivi, bado hajaolewa.

Mombasa ya mwaka huo, ndugu msomaji, haikuwa hii ya matatu na malori ya makontena. CMS walikuwa na kituo chao kikubwa Frere Town, kule Kisauni, walikokaa watumwa waliokombolewa tangu miaka ya 1870. Kengele yao ndiyo iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni, na hadi leo makanga wanaliita jina hilo kila siku bila ya kujua habari yake. Upande wetu huu wa magharibi mambo yalikuwa yameshika moto. Reli ya Uganda ilianza kujengwa mwaka huo huo wa 1896. Vyuma vilishushwa Kilindini, daraja la muda likajengwa Makupa, na njia ikaanza kukatwa kuelekea Changamwe na Mazeras. Lakini reli iliyokuwa imefika maili ishirini na kitu haiwezi kukufikisha Uganda. Gari moshi halikufika Kisumu hadi Desemba 1901. Aliyetaka kwenda Uganda mwaka wa 1896 alikwenda kwa miguu yake.

Basi walikwenda kwa miguu! Umbali wa kilomita kama 1,300. Msafara uliondoka pwani mwishoni mwa mwaka wa 1896 na ukafika Mengo, mji wa Kabaka, mwezi wa Februari 1897. Walivuka nyika ya Taru isiyo na maji, wakapita Ukambani na Ukikuyu, wakapanda Mau kwenye baridi, wakateremka hadi nchi ya ziwa na kukatiza Busoga. Mizigo, mahema na masanduku ya dawa yalibebwa na wapagazi, na wengi wa wapagazi wa misafara ile walikuwa watu wetu wa pwani. Vitabu huwataja kwa idadi tu, kama vile mbuzi. Nawataja hapa kwa sababu bila wao zile chupa za dawa zisingefika kokote. Na lugha ya msafara, ya kuamkia, ya kununulia chakula na ya kugombania, ilikuwa ni Kiswahili.

Katika msafara huo alikuwamo daktari kijana, Albert Cook, aliyezaliwa 1870. Alipofika Mengo hakukawia. Mwezi huo huo wa Februari 1897 alianza kutibu wagonjwa, na baada ya muda mfupi hospitali ikasimama pale kilima cha Namirembe, hospitali ya matete na nyasi. Nesi wake alikuwa Bi Timpson, naye ndiye akawa matroni wa kwanza wa Mengo. Alishika kazi hiyo mpaka mwaka wa 1911.

Hapa niseme jambo. Sisi tunaosoma shule za bweni, au tulio na ndugu huko, tukisikia matroni tunafikiria yule mama anayetutoa kitandani saa kumi na moja na kukagua mashuka. Asili ya neno hilo ni neno la Kilatini la mama. Matroni wa hospitali ndiye mama wa nyumba. Nani kalishwa, nani hajaoshwa kidonda, nani kalala kwenye mkeka ulioloa, maji yamechemshwa au hayakuchemshwa, yote ni juu yake. Daktari anakuja, anakata, anashona, anaondoka. Mgonjwa anabaki na matroni. Na hospitali yenyewe haikuwa na bomba wala umeme, kuta zake ni za matete na paa la nyasi. Kuweka usafi wa chumba cha upasuaji katika nyumba kama hiyo si mchezo.

Mwaka wenyewe wa kwanza ulikuwa wa vita. Julai 1897 Kabaka Mwanga aliasi dhidi ya Waingereza, akashindwa, na mwanawe Daudi Chwa, mtoto mchanga, akawekwa juu ya kiti cha enzi. Hazikupita siku nyingi, askari wa Kisudani waliokuwa wakiwatumikia Waingereza nao wakaasi, wakajifungia katika ngome ya Luba huko Busoga. Daktari Cook akaitwa kwenda kutibu majeruhi vitani. Fikiria mambo hayo kwa mgeni ambaye hajatimiza hata mwaka mmoja katika nchi, na lugha ndiyo kwanza anajifunza.

Mwaka wa 1900 daktari na matroni wakaoana. Bibi harusi alikuwa amemzidi bwana harusi miaka saba, jambo ambalo hapa kwetu lingezungumzwa vibarazani kwa wiki nzima. Wao hawakujali. Kutoka siku hiyo waliishi na kufanya kazi pamoja miaka 38. Ndugu yake Albert, Daktari Jack Cook, alikuwa pia ameshafika, ndipo hospitali ile ikawa kama mji wa familia moja, na Bibi Katharine ndiye mwenye funguo.

Shida hazikukoma. Hospitali mpya ya mwaka wa 1900 ilipigwa na radi mwaka wa 1902, ikateketea. Wakajenga tena, safari hii kwa matofali, na mwaka wa 1904 ikafunguliwa. Katikati ya hayo, mwaka wa 1901, ndugu hao wawili waliwaona wagonjwa wa ajabu hapo Mengo, watu wanaokonda, wanaosinzia mchana, wasioamka. Ulikuwa ugonjwa wa malale, unaoletwa na mbung'o. Katika miaka michache tu ugonjwa huo uliwaua watu zaidi ya 200,000 kando kando ya ziwa. Dawa haikuwepo. Kwa nesi hakuna kazi nzito kuliko kumwosha na kumlisha mtu ambaye unajua kabisa hutamponya.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, Mengo iligeuzwa hospitali ya askari na wapagazi wa jeshi, wale wa kikosi cha Carrier Corps ambao jina lao limebaki Nairobi na Dar es Salaam kama Kariakoo. Bibi Katharine alitunukiwa nishani ya MBE kwa utumishi wake. Lakini kazi ninayotaka kuizungumzia hasa ilikuja baada ya vita hivyo, wakati yeye mwenyewe ameshapita miaka hamsini na tano, umri ambao watu wengi hufikiria pensheni.

Tatizo lilikuwa hili. Wanawake walikuwa wanakufa wakijifungua, na watoto wachanga wanakufa vile vile. Malaria, magonjwa ya zinaa, vidonda vya kitovu, mimba zilizokaa vibaya. Hospitali ilikuwa moja, juu ya kilima, na mama mwenye uchungu yuko kijijini mwendo wa siku mbili. Hata kama Bibi Katharine angekuwa na mikono minane asingeweza kuwafikia. Nesi mmoja ni nesi mmoja. Hapo ndipo alipochukua uamuzi ambao naona ndio ulioyafanya maisha yake yasimuliwe: badala ya kuzalisha yeye, akafundisha mabinti wa Uganda wazalishe.

Chuo chenyewe kilifunguliwa rasmi mwaka wa 1921, kikapewa jina la mke wa gavana, Lady Coryndon. Jina hilo lisikupite. Huyo Gavana Robert Coryndon alihamishwa kuja Kenya mwaka wa 1922, akafia hapa mwaka wa 1925, na jumba la makumbusho la Nairobi lililofunguliwa mwaka wa 1930 lilikuwa likiitwa Coryndon hadi baada ya uhuru. Mume akapata makumbusho, mke akapata chuo cha wakunga. Bibi Katharine, aliyekianzisha chuo na kukifundishia, jina lake halikuwekwa mlangoni.

Sasa usidhani ilikuwa rahisi kama kufungua duka. Katika jamii zetu nyingi mkunga ni mwanamke mtu mzima, aliyekwisha zaa mwenyewe, mara nyingi bibi mwenye wajukuu. Ukunga ni siri na ni heshima. Pwani pia ni hivyo. Binti ambaye hajaolewa huondolewa chumbani uchungu unapoanza. Halafu anakuja mama wa Kizungu anataka mabinti wa shule, wajuao kusoma na kuandika, awatie katika chumba hicho hicho na kuwaambia washike, wapime, waandike! Wazazi waliona ni kinyume. Na mama mjamzito naye, atamwamini vipi msichana mdogo kuliko mwanawe mwenyewe?

Lakini walikuja. Walikaa bwenini chini ya sheria kali. Walifundishwa mwili wa mwanamke ulivyo, mtoto anavyokaa tumboni, namna ya kumpapasa mama na kujua kama kichwa kiko chini au juu, namna ya kuchemsha vyombo, kukata kitovu kwa usafi, na lililo kubwa kuliko yote, kujua wakati wa kusema hapa pamenishinda, apelekwe hospitali. Waliofuzu walipewa vyeti na kutumwa katika vituo vya uzazi vilivyofunguliwa vijijini. Huko binti alikuwa peke yake. Hakuna daktari wa kumwita, hakuna simu. Yeye, taa yake, maji yake ya moto, na mama anayelia.

Bibi Katharine akawa msimamizi mkuu wa wakunga na mkaguzi wa vituo hivyo. Alikwenda kuwaona, akakagua vyumba, akatazama madaftari yao, akahakikisha mambo waliyofundishwa hayajasahauliwa. Mwalimu anayekuja kukukagua baada ya kumaliza shule, hilo sisi wanafunzi hatulipendi. Ila kwa kazi ya uhai na kifo nadhani tungelitaka.

Sasa nifike kwenye lile nililoahidi. Wale mabinti walifundishwa kwa lugha gani? Wakati ule Waganda waliojua Kiingereza walikuwa wachache mno, seuze wasichana. Bwana na Bibi Cook walikuwa wamekisoma Kiganda tangu walipofika, basi wakaandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Kinaitwa Amagezi Agokuzalisa. Tazama jina hilo, mpenzi wa lugha. Amagezi ni maarifa. Okuzalisa, je, unahitaji mkalimani? Ni kuzalisha! Kiganda na Kiswahili ni ndugu wa Kibantu, na neno hili tumeligawana toka kwa babu mmoja. Mkunga wao humwita omuzaalisa.

Kumbe basi zaidi ya miaka mia moja imepita sasa tangu elimu ya utabibu ifundishwe kwa lugha ya Kiafrika, na ikafundishika. Mabinti walifanya mtihani, wakafuzu, wakazalisha, watoto wakaishi. Na bado mpaka leo utamsikia mtu mzima na digrii zake akisema sayansi haiwezekani kwa lugha zetu, ati maneno hakuna. Maneno yapo. Kwa Kiswahili tuna mfuko wa uzazi, kondo la nyuma, kitovu, chupa ya maji, kutanguliza matako, kifafa cha mimba. Kila moja ya hayo bibi zetu wa Chaani na Mikindani wanalijua. Hapa Kenya nesi husomea kazi yake yote kwa Kiingereza, halafu siku ya kwanza wodini anakutana na mama wa Jomvu ambaye Kiingereza chake ni cha kusalimiana tu. Hapo inambidi nesi atafsiri masomo yake kichwani huku mama anasukuma. Kama hakulipata neno, mama haelewi ni dalili gani ya hatari anayotakiwa kuiripoti. Mtu anaweza kufa kwa sababu ya neno.

Bibi Katharine alilielewa hilo kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mgeni wa lugha. Alipofika alikuwa bubu kama sisi tukitupwa China. Ilimbidi ajifunze kuuliza panauma wapi. Aliyewahi kupata shida ya neno ndiye anayejua thamani yake.

Haya, sitaki niwape picha ya malaika. Kazi ile ilikuwa na upande wake wa giza, na tukiuficha tutakuwa tunaandika risala ya sherehe. Tangu mwaka wa 1907 madaktari wa Kiingereza walikuwa wameshikilia kwamba sehemu kubwa sana ya Waganda wana kaswende, na kwamba nchi itakwisha watu. Albert Cook alikuwa mmoja wa waliolisema sana jambo hilo, na chuo cha wakunga kilizaliwa ndani ya kampeni hiyo. Watu walilazimishwa kupimwa, wake kwa waume, kwa namna iliyowavunjia heshima, nao wakalalamika. Watafiti waliokuja baadaye walionyesha kwamba hesabu zile zilikuzwa, na kwamba vidonda vingi vilivyoitwa kaswende ya zinaa huenda vilikuwa maradhi mengine yanayofanana nayo, kama buba, ambayo mtoto huyapata kwa kugusana tu. Kwa hiyo wanawake wengi walibeba aibu isiyokuwa yao. Tena wamisheni waliwadharau wakunga wa jadi, wakaona hawana wanalojua zaidi ya uchafu na ushirikina. Hilo mimi silikubali. Mwanamke aliyezalisha kijiji kizima hakosi la kufundisha. Laiti wangeketi pamoja, yule bibi wa kijijini na binti wa chuo!

Hata hivyo, ukipima kwa mizani ya haki, mabinti wale hawakubaki kuwa chombo cha kampeni ya mtu. Kaswende ilipoacha kuwa habari, ukunga ulibaki. Mwanamke wa Uganda mwenye cheti, mwenye mshahara wake, anayeitwa usiku kwa heshima na kusikilizwa na wazee, alikuwa jambo jipya katika nchi. Mengo ikaendelea kufundisha wakunga na wauguzi, na inafundisha hadi leo.

Pwani yetu pia haikubaki nyuma sana. Kenya kulikuwa na hospitali za kujifungulia zilizoitwa kwa jina la mke wa gavana mwingine, Lady Grigg, mojawapo hapa Mombasa. Waulize bibi zenu, baadhi yao wanaikumbuka kwa jina hilo hilo. Ni mtindo ule ule: jina la mke wa gavana mlangoni, na ndani akina mama wa hapa hapa wakifanya kazi.

Mwaka wa 1932 Albert alipewa cheo cha Sir, mkewe akawa Lady Cook. Mwaka wa 1934 daktari akastaafu, lakini hawakurudi Uingereza kama walivyofanya wenzao wengi. Walibaki Uganda. Miaka minne baadaye, mwaka wa 1938, Bibi Katharine akafariki, akiwa na umri wa miaka 75 hivi. Miaka 41 ilikuwa imepita tangu afike Mengo na vumbi la njia miguuni. Mumewe aliishi miaka 13 zaidi, akaandika kitabu cha kumbukumbu zake za Uganda kilichotoka mwaka wa 1945, naye akafia Kampala mwaka wa 1951.

Madaftari ya wagonjwa wa Mengo tangu miaka ile ya mwanzo hayakutupwa. Yamehifadhiwa Makerere, katika maktaba ya chuo cha utabibu iitwayo Albert Cook. Watafiti bado wanayafungua: jina la mgonjwa, anakotoka, ugonjwa, siku alizolala, na kama alitoka mzima.